Si Kila Kinachopanda Kimepanda Maradufu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisikitisha katika habari zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza. Lugha hiyo ina maneno mengi ya kueleza kitu kinachopanda au kwenda kwa kasi, na kila moja lina picha yake. "Soar" ni la tai anayebebwa na hewa inayopanda, akipaa bila kupiga mbawa. "Surge", lenye asili ya Kilatini, ni la wimbi linaloinuka kwa nguvu na ambalo huenda likatulia baadaye. "Skyrocket" ni fataki inayofyatuka kuelekea angani. Nalo "bolt", la kutimua mbio, hapo awali lilikuwa mshale mfupi na mnene.

Katika tafsiri zetu, yote hayo hugeuka "kupanda maradufu". Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu maradufu ni mara mbili: bei iliyotoka 100 hadi 130 imepanda sana, lakini haijapanda maradufu, na msomaji anayeliamini neno hilo atadhani imefika 200.

Upungufu si wa lugha yetu. Tunayo kupaa, kufyatuka, kuchomoka, kufurika, hata kuumuka (ingawa unga uliotiwa hamira huumuka taratibu, kwa hiyo neno hilo halifai kwa jambo la ghafla). Nawaomba waandishi wenu, kabla ya kuandika "maradufu", wazitazame kwanza tarakimu zilizomo katika habari yenyewe.

Msomaji wenu wa kila siku