Kebo Nyembamba Haihesabiwi kwa Kanuni ya Bamba

Mteja mwingine ametuandikia kwamba tumemlangua kwa kazi yetu ya kupima ukinzani, yaani nguvu ambayo maji huizuia nayo kebo inayokokotwa. Anasema kanuni ya msuguano ipo bure mtandaoni: unachukua eneo la ngozi ya kebo, unaingiza namba za bamba bapa, basi. Sasa malipo ya nini?

Malipo ni kwa sababu kebo si bamba. Chukua kebo yenye kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa mita 100, ikikokotwa majini kwa mita 2.5 kwa sekunde. Kwa kanuni ya bamba, tabaka la maji yenye msukosuko linaloburutwa na kebo lingefikia karibu sentimita 77 mkiani. Kwenye kebo halisi hukua polepole zaidi, lakini bado huwa nene kuliko kebo yenyewe, na hapo ndipo mviringo unapobadili mambo. Kila ukitoka nje ya ngozi, duara la maji linapanuka, na nguvu ile ile ya msuguano inagawanyika kwenye maji mengi zaidi. Tofauti ya kasi inajibana karibu na ngozi, nayo ngozi inakwaruzwa zaidi kuliko bamba la urefu huo na kasi hiyo. Tena mizunguko mikubwa ya maji huweza kuvuka kebo toka upande mmoja hadi wa pili; bamba lingeizuia.

Mteja mmoja alinunua winchi kwa hesabu ya bamba. Mota ikawa inakata kila akifika kasi ya kazi, akanunua winchi ya pili. Mwingine alipima kipande kifupi akazidisha kwa urefu wote. Huyo alizidisha ukinzani, maana mwanzoni mwa kebo tabaka ni jembamba na msuguano uko juu.

Kinachokula muda wetu hasa ni kuisawazisha kebo. Mkia ukizama hata digrii chache, tabaka linasukumwa upande mmoja na vipimo vinaharibika. Chumvi hubadili jinsi kebo inavyoelea, ndiyo maana tunauliza chumvi ya maji utakayofanyia kazi. Tunabandika vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito, tunabandua, tunalaza kingo za tepu zilizoinuka, hadi kebo ilale sawa. Ndipo tunasoma kipima mkazo.

Hatua hiyo hatuiruki ili kushusha bei. Anayetaka hesabu peke yake tutamfanyia, kwa kanuni za silinda na kwa bei yake, na ripoti itaandikwa wazi kwamba kebo haikupimwa.