Barua kwa mwanangu anayekwenda Makumira kusomea uchungaji

Mwanangu,

Saa tisa usiku hii. Umelala na taa inawaka kama kawaida yako, na umeme wa LUKU umebaki yuniti kumi na moja. Nimeizima. Nimekaa jikoni naandika kwa sababu kusema nawe ana kwa ana nimejaribu tangu Jumatano, na kila nikianza unaniambia "Mama, nimekuelewa" kabla sijafika popote. Barua hii nitaichomeka kwenye begi dogo, chini ya hotpoti la chapati. Usiisome basi likiwa linatembea, utatapika.

Ile video yako unayohubiria vijana imenifikia. Jirani ndiye aliyenirushia, na maua matatu na "hongera mama wa mchungaji mtarajiwa". Nimeiangalia mara nne. Mara ya kwanza niliangalia shati tu, kola imekaa vizuri, nilipiga pasi mimi. Halafu sauti yako, baba: imetulia, hukimbizani na maneno, Kiswahili kimenyooka kuliko cha marehemu baba yako, ambaye akisimama kusoma matangazo alikuwa anakohoa kila baada ya mstari. Nilifurahi mpaka nikajifuta macho kwa kanga. Mara ya pili ndipo nikasikia unachosema.

Unasema mwanamke mwenye hekima haondoki kwake. Unataja Mithali 14:1. Unasema ndoa ni kuvumilia, na kwamba Biblia inasema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Vijana wanapiga kelele, "Amina! Pokea!" Karibu na simu iliyokuwa inarekodi kuna msichana hakusema amina. Ongeza sauti utasikia alivyoguna. Mguno ule naujua.

Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, na mambo ya kazini nilikuwa siyaleti nyumbani. Sasa nakuletea moja. Mwanamke akija usiku anasema, "Nesi, nimeanguka bafuni." Mtu akianguka bafuni anaumia nyonga, kiwiko, kisogo. Haumii shingo pande mbili. Na mara nyingi aliyemleta ndiye anayejibu maswali, ameshika pochi ya mkewe, mpole, ana haraka ya kulipia dawa. Tunamwambia yule mama apite polisi akachukue PF3, ile fomu ya majeruhi, anaitikia, na asubuhi kitanda kiko wazi, amerudi kwake. Wengine walikuwa na kitabu cha Tenzi kwenye pochi. Nikimuuliza mmoja kwa nini anarudi, alikuwa ananijibu kwa mstari. Nani aliwafundisha mistari hiyo? Tuliwafundisha sisi, wa kwaya na wa vikundi vya akina mama, na sasa naona unakwenda kusomea kazi hiyohiyo kwa cheti.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla hujafungua Biblia mbele ya mwanamke yeyote. Muulize kwanza kama anapigwa. Mtoe mumewe nje umuulize.

Nimerudi kwenye ule mstari wa mzigo. Nilipekua Biblia yangu, hii ya Muungano ya kava jeusi ambayo unasema inanuka karafuu, na maneno uliyoyasema sikuyaona. Nilichokiona ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anazungumzia majaribu ya kutenda dhambi, hazungumzii ngumi. Tena umalizie mstari: anasema pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na *mlango wa kutokea*. Mlango wa kutokea, mwanangu! Mstari tunaowafungia ndani wanawake, wenyewe una mlango. Na mimi nimeunukuu vitandani mwa wagonjwa miaka yote hiyo bila kufika mwisho.

Tunayo mengi ya namna hiyo. "Jisaidie nami nitakusaidia", nalo kila mtu anaapa limo kwenye Biblia, wala halimo. Mamajusi watatu, Mathayo hakuwahesabu, alizitaja zawadi tatu tu (kile kilemba cha kitenge ulichovaa ukiigiza mmoja wao bado ninacho kabatini, ukitaka). Hayo hayaumizi mtu, hata yakibaki. Ila juzi kwenye daladala nimemsikia mzee mmoja anatetea binti wa miaka kumi na nne kuolewa kwa sababu eti Bikira Maria naye alikuwa na miaka hiyo. Wapi? Hakuna Injili iliyotaja umri wake. Lilianza kama la mamajusi, watu wakalizoea, na sasa linaozesha watoto.

Utaniambia Efeso 5. Nilijua. Sawa, lakini usianzie kwenye "Enyi wake, watiini waume zenu". Anza mstari wa 21, mnyenyekeane, wote. Yule mama mchungaji aliyetufundisha kwenye semina ya akina mama alituambia kwamba katika nakala za zamani sana za Kigiriki mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake wenyewe, umekiazima kwa huo wa 21. Vichwa vidogo vya habari vinavyoitenganisha viliwekwa na wachapaji. Mimi Kigiriki sikijui, wewe ndiye unayekwenda kukisoma, ukaangalie uje uniambie kama alitudanganya. Alisema pia kwamba lile neno "msaidizi" la Mwanzo 2 kwa Kiebrania ndilo hilohilo la "msaada wangu" katika Zaburi 121. Kama ni hivyo, basi yule msaidizi si hausigeli wa Adamu.

Halafu usije ukanidharaulia akina mama wachungaji huko. KKKT, kanisa letu la Kilutheri, inawabariki wanawake kuwa wachungaji tangu miaka ya 1990, utakaa nao dawati moja, na baadhi watakupita kwa maksi. Nakujua ukishindwa unavyonuna.

Na mstari ambao sijawahi kuusikia kwenye send-off hata moja, na send-off nimehudhuria nyingi kuliko unavyojua michango yangu ilikokwenda: 1 Petro 3:7. Waume wakae na wake zao kwa akili, wawape heshima, ili kuomba kwao kusizuiliwe. Maana yake yule anayempiga mkewe Jumamosi, Jumapili anaomba bure. Mbona hilo hamlipigii kelele za amina?

Usidhani mama yako ameasi uzeeni. Biblia naisoma kila asubuhi kabla ya chai, na ndiyo iliyonifikisha huku. Wala sisemi kila mwanamke aliyegombana na mumewe juu ya hela ya mboga afungashe. Baba yako nami tulikwaruzana, kuna mwaka mzima aliniita "wewe" badala ya jina. Sikuhofia hata siku moja kugeuza mgongo nikiwa naye chumbani. Nadhani hiyo ndiyo tofauti, na wewe ujifunze kuiuliza. Muulize kama anapigwa. Kama anapigwa, mstari wako wa kuvumilia ubaki mfukoni, umpeleke Dawati la Jinsia pale polisi, utembee naye, ukae naye kwenye benchi. Ukiwa na kola ya mchungaji watawahi kumsikiliza, dunia ndivyo ilivyo. Na ukiambiwa hayo ni mambo ya ndani ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mwaka 1971! Mimi nilikuwa bado nakimbizana na mbuzi.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka.

Soma Waamuzi 19. Najua hujawahi kulihubiri, hakuna anayelihubiri. Mwanamke alimwacha mumewe, akarudi kwa baba yake Bethlehemu. Baada ya miezi minne mume akamfuata ili aseme naye kwa upole. Baba mkwe alipomwona alifurahi, akamzuia, wakakaa siku tatu, wakala, wakanywa. Siku ya nne baba anasema burudisha moyo wako kwa kipande cha mkate. Siku ya tano vilevile. Wanaume wawili wanakaribishana, karibu robo ya sura inakwenda kwa chakula, na yule mwanamke hajasema neno hata moja. Hakuulizwa. Jioni akachukuliwa akaondoka. Yaliyompata mjini Gibea usiku ule utayasoma mwenyewe, siwezi kuyaandika mezani ninapokatia vitunguu.

Nilipolisoma mwaka juzi nilifunga kitabu. Mle ndani niliona kuku wetu. Unakumbuka alivyokuja shemeji yako kumfuata dada yako, na kreti ya soda na yule mzee wa ukoo wao, na wewe ulitumwa dukani kuongeza barafu. Kilichosemwa baada ya wewe kutoka hukijui. Baba yako, ambaye watu wote wanamsingizia, alisema, "Tumwite mtoto tumsikie kwanza." Kuna mtu akasema hapana haja, Malaki 2:16 imeshasema Bwana anachukia kuachana. Alikuwa anaijua kwa moyo, aliitamka bila kufungua kitabu. Angefungua angeona mstari huohuo unaendelea, na Bwana anamchukia pia yule anayefunika nguo yake kwa udhalimu. Hakufungua, alikuwa anageuza kuku.

Dada yako nilimfungashia mchele kilo tano na dumu la mafuta.

Umewahi kujiuliza kwa nini akipokea simu anaiweka sikio la kulia tu? Ulidhani mazoea. Na kwa nini aliondoka kule mwishowe akaenda kupanga Mbagala, nyumba yetu ipo na vyumba vipo? Kwangu alisharudi mara moja, akaona mapokezi yake.

Sikuandiki haya ili unionee huruma. Ningetaka tu ujue kwamba aliyemrudisha hakuwa mtu mbaya wala mlevi. Alikuwa anasali, na mstari aliokuwa nao ulikuwa wa kweli. Nesi mzima, anayezijua shingo za watu.

Basi. Mambo mengine.

Sweta ya kijivu iko juu ya begi, Usa River ukungu wa Meru unashuka asubuhi usilete ubishi wa Kimara. Hela ya chakula ya mwezi wa kwanza nimegawa mara mbili, nyingine iko ndani ya soksi nyeusi. Usimkopeshe mtu wiki ya kwanza, hata akiwa mtumishi, hasa akiwa mtumishi. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa nusu, nimemwacha, mkewe amejifungua. Wewe ulisema ungetazama lile gata kabla ya mvua za vuli, hukulitazama. Nitamwita fundi, najua, umekuwa na mambo mengi ya kuhubiri. Simtanki limepasuka pale kwenye koki, nimelifunga na mpira wa baiskeli na linashika kwa sasa. Yule tetea mwekundu anaatamia, ukirudi Krismasi utawakuta wakubwa.

Ukianza kufundishwa habari za Sodoma, ukumbuke na Ezekieli 16:49, anavyosema uovu wa Sodoma ulikuwa kiburi na kushiba bila kumsaidia maskini. Nilitaka kuliandika kule juu nikasahau, na karatasi inaisha. Tutazungumza.

Ile video sikwambii uifute. Imeshakwenda, watu elfu mbili na kitu wameiona. Ila yule msichana aliyeguna ni wa usharika wenu, si wa mbali. Kabla hujaondoka mtafute hata kwa simu. Kama ni ngumu kwako, nipe jina nitakwenda mimi, Jumamosi sina kazi. Tumuulize tu.

Dada yako amesema atakuja stendi Mbezi kukusindikiza, anatoka Mbagala na daladala ya kwanza. Sikumwomba, amesema mwenyewe. Anaweza kuchelewa, usipande basi hadi umwone. Stendi kuna kelele za wapiga debe, kwa hiyo ukizungumza naye simama upande wake wa kulia. Habari za barua hii usimwambie. Au mwambie, sijui, utaona mwenyewe atakavyokuwa.

Chapati ni kumi na mbili, nne ni za kwake.

Mama yako
Kimara