Barua kwa mwanangu: lile swali lako la kwenye gari

Mwanangu,

Saa hizi ni saa saba usiku, mama yako kalala, mdogo wako namskia bado anaangalia video chumbani kwake anadhani sijui, na mimi niko hapa mezani na lile faili la bluu, la makaratasi ya kuwachukua nyie. Naandika kwa simu kwa hiyo makosa ya kuandika utayasamehe, ukijua baba yako na vidole vyake.

Jumapili uliniuliza kitu sikukujibu. Ndani walishaanza kuimba, ilikuwa ile Jumapili ya yatima, na we unajua kila mwezi wa 11 mchungaji anawaita mbele nyie na wale watoto wengine walioasiliwa, yaani waliochukuliwa kisheria wakawa watoto wa familia nyingine, watu wanapiga makofi, mnapigwa picha, wakina mama wanafuta machozi. Safari hii ukakataa kushuka. Nilikuwa nishafungua mlango, nikakuona unafunga mkanda tena kama vile tunaondoka, ukaniuliza bila hata kuniangalia, "Baba, hivi yatima ni nani?" Mimi mzee wa kanisa, nafundisha darasa la Biblia mwaka wa 20 huu, nikasema tutaongea nyumbani. Tukafika nyumbani sikuongea. Jumatatu sikuongea. Leo Alhamisi.

Najua faili umelisoma, ile karatasi ya idhini umeirudisha kichwa chini. Sijakasirika, ni lako, tulitakiwa tukupe siku nyingi.

Sasa ngoja nianze mwanzo, na humu ndani nikisema mama yako namaanisha huyu aliyelala chumbani, yule mwingine nitamwita mama aliyekuzaa, ingawa nikiandika hivyo naona kama namsogeza pembeni, na kusogezwa pembeni ndo amesogezwa sana huyo mama.

Sisi tulikuwa hatuzai. Mimba tatu zilitoka, ya mwisho ina miezi mitano. Hii hatukuwahi kuisema kanisani, kanisani tulisema tumepata wito, na wito kweli tuliupata siwezi kukataa, tuliomba, tulifunga, ila ndani ya huo wito kulikuwa na watu wawili wanataka mtoto, tena mdogo, tena haraka, na ukishaita kitu wito hakuna mtu anakuuliza maswali, hata we mwenyewe hujiulizi. Kipindi hicho ndo tukahadithiwa habari za mkulima mmoja wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha, walokole, wana watoto wao 6 tayari, mwaka 1955 wakachukua wengine 8 kutoka Korea baada ya vita, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria maalum kwa ajili yao. Mama yako alilia siku ile. Mimi nikatoka pale najiona Holt mdogo.

Tukaanza 2009. Alama za vidole, hati ya polisi, daktari, afisa ustawi anakuja nyumbani anafungua mpaka kabati anatuuliza tukigombana tunagombanaje, kozi, fomu juu ya fomu. Hela hatukuwa nazo za kutosha, kanisa likatuchangia. Hapa nataka unielewe vizuri manake naona ndo mzizi wa mambo yote: bibi mmoja mjane alikuwa anatoa sadaka yake kila wiki kwa ajili yako, amekuandika jina kwenye karatasi ya maombi kabla hujafika, sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba kuna karatasi kwenye faili huielewi? Unanyamaza. Kila mchango ulioingia ulituongezea furaha na ulitufunga mdomo hapo hapo.

Januari 2010 Haiti ikapigwa na tetemeko, na mwisho wa mwezi ule ule Wamarekani 10 Wabaptisti wakakamatwa mpakani wakivusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali, wengi wa wale watoto wakaonekana wana wazazi wao hai. Unajua sisi kwenye maombi ya Jumatano tuliwaombea kina nani? Wale 10. Waachiwe, wameonewa, shetani anapinga kazi. Wale kina mama wa watoto 33 hatukuwataja hata mmoja, na mimi ndo nilikuwa naongoza maombi.

Haya, faili. Lilifika mwishoni mwa 2010 likiwa na picha zenu mbili. We umevaa sweta la njano limekupwaya, mdogo wako umempakata na hujui kumpakata, kichwa kimening'inia. Ukurasa wa kwanza umeandikwa YATIMA. Ukurasa wa nne, huo uliougeuza, baba amefariki, halafu chini kabisa alama ya dole gumba, wino wa zambarau, imeburuzika kidogo upande wa kulia kama vile mkono ulivutwa kabla haujatulia. Ya mama aliyekuzaa. Nikaiona. Nikampigia wakala aliyetushughulikia makaratasi nikamuuliza mbona mama yupo, akanijibu bila wasiwasi kwamba yatima ni hata aliyefiwa na mzazi mmoja, na kweli, UNICEF, lile shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, ndivyo wanavyohesabu, aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili wote wanaitwa yatima. Kwa hiyo hakunidanganya. Nilishukuru kupata jibu, nikakata simu, nikamwambia mama yako kila kitu kiko sawa.

Jibu la swali lako ndo hilo mwanangu. Kwa hesabu ya makaratasi ulikuwa yatima. Kwa maana uliyokuwa unaniuliza pale kwenye gari, mtoto asiye na mtu, hukuwa, hujawahi kuwa hata siku moja.

Na sheria ilikuwepo. Mkataba wa Hague wa 1993, wa kimataifa kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine, unasema mtoto atafutiwe kwanza malezi ndani ya nchi yake, nje ya nchi ije baadaye, na mama idhini yake itoke baada ya kujifungua, kwa hiari, pasipo kulipwa, na aelezwe kama hiyo idhini itakata uhusiano wake na mtoto kisheria. Nimeusoma mwaka huu. Kipindi kile nilisoma mwongozo wa jinsi ya kufunga kiti cha mtoto kwenye gari, kurasa 30, mara mbili.

Ulifika 2011 una miaka minne. Kuna vitu tumekuhadithia mara nyingi, ulivyoogopa bafu, mikate tuliyokuwa tunaikuta chini ya mto imekauka, ulivyolala miezi miwili umeshika mguu wa mdogo wako asije akachukuliwa. Kuna kimoja hatukukuhadithia. Usiku ulikuwa unaita. Neno moja, hilo hilo, unaanza taratibu halafu unapanda mpaka sauti inakauka. Tukakuletea maji, tukakuletea mdoli, tukawasha taa. Mama yako akasema labda ni jina la mdoli ulioacha kule, tukanunua midoli mitatu! Nikakurekodi kwenye simu, nilikuwa na nia ya kumtafuta mtu anayejua lugha yenu atutafsirie, halafu baada ya wiki sita hivi ukaacha kuita, na sisi tukatoa ushuhuda kanisani kwamba umepata amani.

Ile sauti niliisikilizisha mtu 2017, dada mmoja wa kwenu tuliyekaa naye kwenye foleni ya hospitali. Akasikiliza sekunde chache akaniambia huyu mtoto anamwita dada yake mkubwa.

Unajua hapo nilifanya nini? Nilimshukuru, nikaingia kwa daktari zamu yangu ilipofika. Mama yako nilimwambia baada ya mwezi. Wewe ndo nakwambia leo, miaka minane baadaye.

Faili halina dada. Hata mstari mmoja. Watoto wawili, jinsia, umri, uzito. Nimeigeuza kila karatasi.

Mchungaji akihubiri Jumapili ile ya yatima anapenda sana habari za Musa, mtoto wa kuasiliwa aliyekulia ikulu akawa mkombozi wa taifa zima, na mimi mwenyewe nimeifundisha sijui mara ngapi. Sasa rudi usome Kutoka 2 polepole. Mama yake yupo hai. Na dada yake kasimama mbali anaangalia mdogo wake atapatwa na nini, na binti Farao alipomtoa kwenye maji ni huyo huyo dada aliyekimbia kusema nimwite mwanamke wa Kiebrania amnyonyeshe? Mtoto akarudi mikononi mwa mama yake kwa muda, tena mama akalipwa. Miaka yote nafundisha hapo nilikuwa namruka yule dada nakimbilia ikulu.

Kuna na Yakobo 1:27, ule uliokuwa umefremiwa sebuleni mpaka mwezi uliopita ukauliza umeenda wapi. Nimeutoa mimi. Unasema kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Yatima NA wajane. Baba yako aliyekuzaa alikuwa amefariki, kwa hiyo mama aliyekuzaa alikuwa nani? Mstari mmoja, watu wawili wamo ndani, sisi tukachukua yatima tukamwacha mjane, na ile hela iliyochangwa kuwaleta nyie sijui ingemkalisha na wanae miaka mingapi, nimejaribu kupiga hesabu nikaacha.

Hata hili neno kuasili lilikuwa halinisumbui, neno la kisheria tu, saivi kila nikiliandika nasikia asili humo ndani. Basi.

Sasa sehemu niliyotaka kukwambia kwa mdomo nikashindwa. Machi 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini ilitoa matokeo yake, kwamba serikali yao ilivunja haki za watoto waliopelekwa nje kuasiliwa, kuna walioandikwa yatima na huku wazazi wapo, kuna waliobadilishiwa utambulisho. Korea ile ile ya kina Holt, watoto zaidi ya laki moja tangu miaka ya 50. Mama yako alisoma usiku, hakuniamsha. Asubuhi akatafuta mtu anayefanya kazi ya kutafuta familia kule kwenu, akamlipa kwa pesa zake, mimi nikaja kujua mwezi wa tano. Nilikasirika kwanza, nisidanganye, nilimwambia anataka kutubomolea nyumba. Aliniangalia tu.

Ripoti imekuja wiki tatu zilizopita. Wiki tatu tumekaa nayo, hilo pia utugombeze, una haki.

Mama aliyekuzaa yu hai.

Nimeandika hapo nikasimama nikaenda kunywa maji. Yu hai, afya yake si nzuri sana ya miguu lakini yu hai, na dada yako yupo, ana watoto wawili, wanakaa jirani. Yule mtu aliongea nao siku nzima. Mama alimwambia alielezwa kwamba mnaenda kusoma, na mkimaliza shule mtarudi, na kila mwaka mtatuma picha. Sisi tulituma picha, kila Desemba, miaka saba, kwa wakala, mpaka ofisi yao ikafungwa. Hakupata hata moja. Aliuliza kama bado unaogopa giza.

Kuhusu dole gumba alisema aliambiwa ni fomu ya shule.

Sijui utafanya nini na haya, na sikuandikii ili unisamehe, wala usije ukaanza kunifariji mimi, nakujua, ukimuona mtu mzima analia we ndo unaanza kutafuta kitambaa. Nakupenda na sijutii hata usiku mmoja niliokaa na wewe, na hapo hapo najua zile siku zako zote nilizozipata kuna mtu alizikosa kwa karatasi niliyoiona nikanyamaza. Siombi tena ile sala ya kushukuru kwamba Mungu alikutoa kule akakuleta kwetu. Naomba, ila hiyo siiombi. Kanisani nimemwambia mchungaji hamtaitwa tena mbele, akaniuliza kuna shida gani, nikamwambia watoto wangu si yatima, akacheka akidhani natania.

Mdogo wako hajui bado. Nadhani we ndo uamue tumwambie lini na nani amwambie, au ukisema ni kazi yetu sisi tutaifanya.

Faili nakuachia hapa mezani, lote, sijatoa kitu, na ripoti nimeiweka juu. Namba ya dada yako iko ukurasa wa pili. Anajua Kiingereza kidogo na kuna mtafsiri amekubali kukaa kwenye simu mkitaka. Ametuma na sauti, ya sekunde 47, iko kwenye simu ya mama yako, amesema ni ya kwako. Hatujaifungua. Ile ya kwako ya 2011, uliyokuwa unamwita, nayo nimekuhamishia kwenye simu yako sasa hivi, ukitaka kumtumia.

Kesho siendi kazini. Nitakuwepo.

Baba