Kaka uliyenifokea pale stoo, asante sana

Sijui jina lako na sikupata hata nafasi ya kukuuliza, ila kama unasoma hii, wewe kaka uliyekuwa unapita siku ile folklifti (gari la kunyanyulia mizigo) ilipotoboa pipa la lita 200 la asetoni, kile kimiminika kinachoshika moto upesi, asante sana tena sana. Mimi nilishakimbilia swichi niwashe feni eti harufu itoke, ukanifokea "usiguse hiyo!" na kusema kweli nilikasirika, huyu nani ananipigia kelele, kumbe cheche ndogo tu ya swichi ingetumaliza, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka ukute moto halafu moto unarudi nao hadi kwenye pipa. Na unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, mi nilidhani lazima ipate joto kwanza!

Ukatutoa wote tukasimama upande upepo unakotokea, ukaweka mchanga mdomoni mwa mtaro, zimamoto ukawatajia jina la kemikali kabisa ili waje na povu linalohimili alkoholi, lile la kawaida asetoni inaliharibu. Dereva wa folklifti aliyerukiwa na asetoni mapajani ukamvua suruali mbele za watu (alinuna huyo!) ukamwoshea maji dakika 15 nzima.

Halafu ukapotea tu. Koti lako ulilomfunika ninalo, nimelifua, njoo ulichukue kaka.