Nihesabie pembe za tabaga ya Bibi

Bombo, Jumapili jioni

Dada yangu Zaituni,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama tu, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule kijana wa basi, pamoja na majani ya chai. Chai imekwisha, wageni hawakutupa nafasi. Barua nimeisoma mara tatu, na pale ulipouliza, "Bado unasuka, au nawe umeshakuwa mtu wa simu?" nilicheka peke yangu jikoni hadi Abdu akaja kuchungulia.

Nasuka, dada. Tena nina jambo la kukuomba, ila nikilitaja sasa hivi utaona nimechanganyikiwa, kwa hiyo nivumilie kwanza.

Unazikumbuka zile tabaga mbili, sinia za kusuka zenye nyota, bibi yangu alizosuka mwaka ulioolewa? Moja ulikwenda nayo Kibera, ya pili akabaki nayo mwenyewe. Hiyo ya pili imeliwa na mchwa. Ilikuwa inaning'inia ukutani miaka yote, mbele inang'aa, kumbe nyuma wanakula taratibu. Siku nilipoitungua nipake ukuta rangi, ikaniishia mkononi. Nilichookoa ni kipande cha ukingo, kirefu kama kiganja, zambarau na chungwa. Kipo kwenye kopo la biskuti. Tangu kabla ya Ramadhani nimekuwa nikijaribu kuisuka upya, na hadi leo nimeshaanza mara nne.

Ya kwanza niliiacha kwa sababu ya nyasi. Nilitumia nyasi zilizokauka kupita kiasi, zikawa zinavunjika ndani ya rafia, na kamba ninayoizungusha kutoka kitovuni ikawa na vifundo kama nyoka aliyemeza vyura. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka upana wa sahani, halafu ikaanza kuinuka. Mimi nasuka sinia, yenyewe inataka kuwa bakuli. Nikadhani navuta rafia kwa nguvu mno. Ya tatu nikalegeza mkono, na bado ikainuka, na juu ya hapo nyota ikapinda, pembe zote zinaelekea upande mmoja kama nyasi za bwawani upepo ukivuma.

Hapo ndipo Abdu alipoingilia. Yuko kidato cha pili sasa, na hesabu kwake ni kama mpira kwa wenzake. Alichukua rula akapima kamba yangu: unene nusu sentimita. Akaniuliza kila mzunguko naongeza mishono mingapi. Nikamwambia minane, kwa sababu nyota ya Bibi ina pembe nane na kila pembe inapata mshono mmoja. Akaandika nyuma ya daftari la deni la duka (nimemsamehe), kisha akasema, "Mama, ndiyo maana inakuwa bakuli."

Nakueleza alivyonieleza. Kamba ikiwa na unene wa nusu sentimita, kila mzunguko unauzidi uliotangulia kwa sentimita tatu na kidogo. Haijalishi uko katikati pale penye kitovu au uko ukingoni kabisa, ongezeko ni lilelile. Hilo mimi sikuliamini. Nilichukua uzi nikapima mizunguko kumi, mmoja baada ya mwingine, na kijana ana haki. Sasa mimi kila sentimita natia mishono minne. Kwa hiyo ili sinia ilale bapa, kila mzunguko unadai mishono kumi na miwili na ushee. Mimi naipa minane. Inayokosekana ndiyo inayokunja kazi iwe bakuli.

Halafu akaniharibia siku. Akasema tabaga ya upana wa sentimita 40 inameza kamba ya mita 25, na kwa mkono wangu hiyo ni mishono 10,000. Dada, kuna mambo mtu haambiwi wakati kazi iko mapajani.

Ya nne nikaisuka kwa hesabu yake: kumi na miwili kila mzunguko, nyota ya pembe sita, kila pembe mishono miwili, na ile nusu inayobaki naimeza kwa mkono. Imelala bapa kama kioo. Nzuri. Nilimwonyesha mama kwa majivuno yote. Akaigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Hii nzuri, lakini si ya mama yangu. Yake ilikuwa na pembe nane." Nikamweleza hesabu. Akanisikiliza hadi mwisho kama anavyomsikiliza mtu wa dini nyingine, kisha akauliza, "Tabaga ni ya nini?" Ya kufunika chakula. "Basi nani alikwambia iwe bapa?"

Nimelala na neno hilo siku tatu. Maana kama ya Bibi ilikuwa imeinuka katikati, mfano wa kofia, basi pembe nane zinawezekana, na mimi nilikuwa sawa tangu mwanzo bila kujua. Na kama ilikuwa bapa, mama ndiye anayekumbuka vibaya. Nyota ile ilikuwa na jina lake kwa Kinubi, na hilo nalo hakuna anayelikumbuka hapa nyumbani. Nilikwenda kwa Mama Hawa, yule wa karibu na msikiti; akanitajia majina matatu, na kila moja akaapa ndilo.

Rangi nazo zina habari zake. Nimechoka na ile ya unga ya sokoni, kila tabaga hapa mjini sasa ina waridi lilelile. Nikaamua kupika zangu. Manjano ya pilau inatoa njano ambayo utadhani ni jua lenyewe, na mimi kwa furaha nikachovya mafungu matatu ya rafia, nikayatundika dirishani. Wiki mbili tu, upande ulioelekea nje umekuwa rangi ya uji. Manjano haivumilii mwanga, hata uitie nini. Maganda ya vitunguu ndiyo yenye adabu: nayakusanya kwa dada mmoja muuza chapati kwenye steji, nachemsha saa nzima, rafia naitia kwanza kwenye maji ya shabu, inatoka rangi ya asali na mpaka leo haijasogea. Nyeusi naipata kwa majani ya chai yaliyokwisha kunywewa na misumari yenye kutu iliyolala kwenye siki. Unachovya kwenye chai, inakuwa kahawia. Unachovya kwenye maji ya misumari, inageuka mbele ya macho yako, kijivu, halafu nyeusi ya kuogopesha. Ila usiizidishe, kutu inakula nyuzi baadaye. Kwa hiyo chai yako haikupotea bure, hata majani yake yamefanya kazi.

Zambarau ndiyo imenishinda. Ya Bibi ilikuwa ya unga wa dukani, nakubali, na kipande changu bado kimekolea. Labda enzi hizo unga wenyewe ulikuwa mwingine.

Mengine nayafanya mkono ukichoka na sindano kubwa. Nafuma shali za kroshia kwa uzi wa mivumba, yaani mitumba. Naenda soko la Owino, Kampala, asubuhi na mapema, marobota yanapofunguliwa, natafuta sweta za sufu zilizotoboka kiwiko, zisizo na mnunuzi. Kabla ya kulipa geuza ndani utazame pindo: ukiona limekatwa na kupigwa ovaloki, liache, ukifumua utapata vipande vifupi tu, kila mstari umekatika. Ukikuta pande zimefumwa zikashonwa pamoja, hapo umepata. Unafumua, unaviringisha kwenye mgongo wa kiti, unaosha, unatundika na chupa ya maji chini yake ili ule mkunjo uishe. Sweta moja ya mwanaume mnene ni shali nzima na kofia ya mtoto. Abdu anasema navaa watu nisiowajua.

Lubugo nilikutajia? Bado. Nilipita Masaka kwenye harusi nikanunua kipande cha gome, rangi ya kahawia iliyoiva, nikawaza majalada ya madaftari na pochi. Wajua Waganda wanavyolitengeneza: wanachuna gome la mutuba wakati wa mvua, wanaufunga mti kwa majani ya migomba upone, gome wanaligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka kuwa kitambaa, na mti ule ule utachunwa tena. UNESCO waliutambua ufundi huo mwaka 2005. Basi mimi fundi nikalitandika mezani sebuleni nipime. Jirani yangu Nalongo akaingia kuomba chumvi, akasimama mlangoni, akashika kifua: "Mama Abdu, nani amekufa?" Kwao ndilo wanalomfungia maiti. Nilimkalisha, nikamweleza, akaondoka na chumvi lakini sidhani nilimshawishi, maana jioni alituma mtoto aulizie tena. Kwenye cherehani limenisumbua pia, sindano inalitoboa kama karatasi na mshono unafuata tundu hadi linachanika. Sasa nalitia kitambaa cha pamba nyuma na kushona kwa mkono, mishono mirefu. Pochi mbili zimetoka. Moja ni yako.

Utaniuliza kama nauza. Kila mtu ananiuliza. Mwaka juzi nilipeleka vikapu sita kwenye duka moja la Kampala, tukaandikishana, wakasema watalipa vikiuzwa. Nilipiga simu mpaka nikaijua sauti ya yule msichana akidanganya. Vikapu sivioni, fedha sizioni. Na siku niliyovipeleka, mteja mmoja mle ndani alishika tabaga yangu akamwambia mwenzake, "Hizi za Sudan." Nikamwambia, dada, wazee wetu Wanubi waliingia Uganda na Lugard, yule Mwingereza, mwaka 1891, hii imesukwa Bombo, kwa rafia niliyonunua Wobulenzi. Akatabasamu kama mtu aliyeelezwa njia ambayo hakuiuliza.

Kwa hiyo siuzi, kwa sasa. Siku nzima dukani nauza sabuni na sukari, nikifika nyumbani sitaki tena kumpigia mtu hesabu ya faida. Mwaka huu nataka tabaga moja tu, ile. Nikishaipata, nasuka ya pili, moja ibaki kwa mama na moja impate binti yako atakapoolewa, kama Bibi alivyofanya. Baada ya hapo sijui. Labda nitajaribu nakshi za gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, macho yakiruhusu. Watoto wa shangazi wawili wameanza kuja Jumamosi, mdogo ana mkono mzuri lakini anataka kila kitu kiishe siku hiyohiyo.

Haya, sasa ombi. Picha uliyonitumia Idi, tabaga yenu ipo juu ya meza imefunika kisra, ile mikate yetu myembamba, na mwanao ameweka mkono juu yake nusu nzima. Nimeitazama hadi simu ikazima. Naona pembe tatu kamili na ncha ya nyingine inayochungulia chini ya kidole. Kwa hiyo zinaweza kuwa sita, zinaweza kuwa nane, na humu ndani tumeshaanza kuvutana, mama upande mmoja, Abdu upande wa pili.

Nihesabie pembe. Anzia kwenye pembe moja, ifunge uzi, zunguka mpaka uurudie, usihesabu kwa macho. Kisha iweke mezani kama inavyofunika chakula, simamisha rula ubavuni, uniambie kitovu kimeinuka sentimita ngapi kutoka mezani. Pima na upana, na unene wa kamba moja. Ukiweza, hesabu pia mishono iliyomo ndani ya sentimita moja hapo ukingoni. Mkono wa Bibi ulikuwa mwembamba kuliko wangu, huenda alitia mitano. Ipige picha mchana, nje, kivulini, mbele na nyuma. Nyuma ndiko nitakakoona alikoficha miisho ya rafia, hilo pia limenishinda.

Mama anakusalimu sana, anasema umwambie mumeo bado anamdai ile safari. Wabusu watoto. Pochi itakuja na basi la wiki ijayo, nimeifunga kwenye mfuko wa kavera jeusi na jina lako juu.

Na nakuomba, usiioshe kwanza ili ipendeze kwenye picha. Nakujua, na zambarau ile itatoka.

Wako,
Sauda