Tutenganishe mbegu ya GMO na chupa ya dawa ya magugu

Mhariri,

Kila mjadala wa GMO unapopamba moto redioni na mabarazani hapa Magharibi mwa Kenya, vitu viwili hushtakiwa katika kesi moja: mbegu iliyogeuzwa jeni na dawa ya kuua magugu. Huyu anasema GMO akiwa na maana ya Roundup, yule anataja Roundup akidhani ni GMO. Kwa kuchanganya hivyo, swali zito kuliko yote kwa afya ya mkulima wa Butere, Ugunja au Njoro linapita bila kuulizwa.

Chimbuko la mchanganyiko huu liko Marekani. Tangu 1996 wakulima wa huko wamepanda soya iliyowekewa jeni ya kustahimili glaifoseti, ile dawa iliyomo ndani ya Roundup. Shamba zima hupigwa dawa, magugu yakafa na soya ikabaki. Utafiti wa mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini uliotoka Septemba 2012, na kuchangia Kenya kupiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO Novemba mwaka huo, nao ulihusu mahindi ya namna hiyo pamoja na dawa yenyewe, ukidai kwamba vinaleta uvimbe. Ulitumia panya 200, kumi kumi kwa kila kundi, wa aina ambayo huota uvimbe kwa wingi hata bila kulishwa chochote kigeni. Kwa idadi ndogo hivyo huwezi kujua uvimbe upi umeletwa na chakula na upi umeletwa na uzee. Jarida lililouchapisha liliuondoa 2013. Baraza la Mawaziri nalo likaondoa marufuku Oktoba 2022, na tangu hapo suala hilo limekuwa likivutaniwa mahakamani.

Sasa tazama mahindi yaliyofanyiwa majaribio na KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kitale. Ni mahindi ya Bt. Yana jeni ya bakteria wa udongoni, na kiwavi anayetoboa bua akiyatafuna hufa. Hayana kinga yoyote dhidi ya glaifoseti. Ukiyapiga dawa hiyo yatakauka kama mahindi mengine. Pamba ya Bt, iliyoruhusiwa kupandwa nchini Desemba 2019, nayo inalenga viwavi, wale wanaotoboa vitumba vya pamba. Kwa hiyo anayeyakataa mahindi ya Bt kwa kuhofia dawa ya magugu, hofu yake ameielekeza kwingine.

Yapo maswali halali ya kuuliza juu ya Bt, na yaulizwe kwa sauti. Mbegu itauzwa bei gani? Chavua ya shamba la nusu ekari itazuiwaje kuvuka ua hadi kwa jirani anayehifadhi mbegu yake ya kienyeji? Na nani atahakikisha kila mkulima anatenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, ili viwavi wasiozoea sumu wazaliane na wale waliookoka, na usugu usienee? Afrika Kusini ilipofika 2007 ilikwisha kuripoti viwavi wa mabua, wale wale wanaotusumbua kwenye nyanda za juu huku kwetu, walioshinda mahindi ya Bt. Palipo na mashamba madogo yaliyobanana, kutenga sehemu hiyo ni kazi ngumu kuliko vijitabu vinavyoeleza.

Na hapa Magharibi tuna mfano unaowachanganya pande zote mbili. Mahindi ya Ua Kayongo yanastahimili dawa ya magugu, lakini si GMO. Yalipatikana kwa kuchagua chembe za mahindi zenye ukinzani zenyewe, bila kuingiziwa jeni ya kiumbe kingine. Mbegu hupakwa dawa ya imazapiri, na kayongo, gugu la striga linalonyonya mizizi ya mahindi, linaposhika mzizi linafyonza dawa na kufa kabla halijatokeza juu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, maana ukiliona kayongo limetoa maua ya zambarau, mahindi yamekwisha nyonywa chini ya ardhi na palizi haitarudisha kilichopotea. Lakini dawa ile ile ikibaki vidoleni inaua maharagwe, na hata mahindi ya aina nyingine. Panda maharagwe kwanza, Ua Kayongo baadaye, kisha unawe kwa sabuni kabla ya kugusa mbegu nyingine yoyote. Wasioipata mbegu hiyo wana njia ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ya Mbita: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, na majani ya nepia kuzunguka shamba. Haihitaji dawa ya magugu hata tone.

Nirudi kwa glaifoseti, maana hiyo tunayo tayari, na imefika bila GMO. Inapigwa kabla ya kupanda kutoka Nakuru hadi Busia, badala ya kulima kwa jembe au trekta.

Machi 2015, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Nyama nyekundu na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimo katika kundi hilo hilo, kwa sababu IARC huuliza kama kitu kinaweza kudhuru. Haipimi kiasi gani kinadhuru. Umoja wa Ulaya uliangalia kiasi, na mwaka 2023 ukairuhusu kwa miaka kumi zaidi. Sisemi kwamba basi dawa hii ni maji. Dewayne Johnson, aliyeshinda kesi California mwaka 2018, alikuwa mpiga dawa katika viwanja vya shule, na aliieleza mahakama jinsi mpira wa mashine ulivyokatika dawa ikamlowesha. Anayebeba mzigo mkubwa wa dawa mwilini ni mpigaji. Kwetu mpigaji ni kijana wa kibarua mwenye pampu inayovuja mgongoni, shati limelowa, mikono mitupu.

Mkono ndio hupokea nyingi, tena wakati wa kupima, dawa ikiwa bado nzito. Watu hupima kwa kifuniko, na vifuniko havilingani kutoka chupa hadi chupa. Chukua kikombe chenye alama za mililita, vaa glovu za mpira, kisha ujue pampu yako inamwaga kiasi gani. Pima mita 10 kwa 10. Jaza maji matupu hadi alama, piga eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, halafu pima maji unayorudisha ili kujaza tena hadi alama ile ile. Zidisha mara 40, upate lita za ekari. Ukitumia lita 4, ekari itataka lita 160, yaani pampu 8 za lita 20. Kama lebo inasema lita 1.2 za dawa kwa ekari, kila pampu ipate mililita 150. Anayetembea polepole akamaliza pampu 12 kwa kipimo hicho hicho amemwaga lita 1.8, nusu zaidi ya inavyotakiwa. Anayekimbia akatumia pampu 5 atayaona magugu yakigeuka manjano kisha yakichipuka upya, na hayo yanayookoka ndiyo yatakayozaa magugu sugu.

Usichote maji ya tope ya mtoni. Udongo huinasa glaifoseti na kuizima, kisha mtu anaongeza dawa akidhani ameuziwa feki. Nozo, yaani ncha ya kunyunyizia, ya matone membamba ya dawa ya wadudu iache nyumbani, maana upepo utapeleka ukungu wake kwenye sukuma wiki ya jirani. Tumia ya bapa. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji yake yamimine kwenye pampu, halafu itoboe isije ikawa ya kubebea maziwa.

Utepe wa rangi kwenye lebo nao hupotosha. Buluu au kijani hueleza sumu ya papo hapo tu. Hausemi lolote kuhusu miaka 20 ya kulowa. Na ukisoma parakwati, dawa nyingine ya magugu, kwenye chupa, iache dukani. Umeza kidogo tu na hakuna dawa ya kuikata sumu hiyo. Ulaya iliiondoa 2007.

Naziomba serikali za kaunti, zilizokabidhiwa ugani, yaani ushauri kwa wakulima, na Katiba, ziwapeleke maafisa wapime pampu za wakulima mashambani kabla ya mvua ya Machi. PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za kilimo, nayo iwalazimishe wenye agroveti kuuza kila chupa ya dawa ya magugu pamoja na kikombe cha kupimia, nozo ya bapa na jozi ya glovu.

Mtaalamu wa mimea,
Butere, Kakamega