Barua ya wazi kwa vijana mlioacha unga

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlioacha unga, yaani heroini, mkavuka arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa unga, mkavumilia maumivu ya mifupa, kuharisha na kukesha, hadi mwili ukatulia. Pongezi mnazopewa ni haki yenu. Lakini lipo jambo ambalo wengi huambiwa kwa kuchelewa: wiki za mwanzo baada ya kuacha ni za hatari mno, na wapo wanaokufa wakati ambapo jamaa zao wameanza kushukuru.

Heroini hupunguza kasi ya kupumua. Anayeitumia kila siku huizoea, hata kipimo ambacho kingemuua mgeni kikawa kinamwondolea arosto tu. Akikaa bila kutumia, iwe kwenye nyumba ya upataji nafuu au gerezani, mazoea hayo hupungua haraka, ilhali hamu hubaki. Siku akirudia, hujipimia kile kile cha zamani, na mwili haukiwezi tena. Huanza kukoroma kwa sauti nzito, midomo hubadilika kuwa ya bluu au kijivu, na pumzi hupungua taratibu huku wenzake wakidhani amelala. Akiwa amechanganya na pombe au vidonge vya usingizi, ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo nawasihi msimwache mwenzenu wa namna hiyo "apumzike". Mwiteni na kumtikisa. Asipoitika, ombeni msaada wa dharura mara moja, na ikiwa bado anapumua, mlazeni kwa ubavu. Ikiwapo naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, mpeni, kisha afikishwe hospitali hata akizinduka, kwa kuwa nguvu ya dawa hiyo inaweza kuisha kabla ya ile ya unga.

Wapo wazee wenzangu wanaosema kwamba anayekunywa methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, hajaacha. Sikubaliani nao hata kidogo, na maneno hayo yamewafanya vijana wengi waikimbie kliniki. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, nayo hutolewa kwa kipimo cha daktari ili mtu aweze kufanya kazi na kulea watoto wake. Msiiache ghafla kwa kuona haya.

Na ikitokea umerudia, mwanangu, usijifiche. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Nasi wazazi tufungue mlango kwanza, maswali yasubiri.

Ni mimi mzee wenu.